Tusijenge madaraja tukasahau taa

Jijini Dar es Salaam, daraja la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa mwaka 2018, na la Ubungo likafuata mwaka 2021. Yote mawili yamesaidia, lakini daraja la juu peke yake huisogeza foleni hadi makutano yanayofuata. Ndiyo maana Serikali inapaswa kutenga fedha za kila mwaka kwa ajili ya taa za kuongozea magari, zinazoyahesabu na kuwasiliana zenyewe, pamoja na mafundi wa kuzitunza; mtambo unaonunuliwa bila bajeti ya matengenezo haudumu. Wapo wanaosema trafiki anatosha kwa kuwa ana macho na busara. Ni kweli anavyo, na ajali ikitokea tunamhitaji. Lakini anaona makutano yake tu. Akiruhusu upande mmoja kwa muda mrefu, hawezi kujua amewafungia njia walio mbele.

Wengine watauliza fedha zitatoka wapi. Kila anayenunua petroli au dizeli tayari anachangia Mfuko wa Barabara, na taa ni sehemu ya barabara kama ilivyo lami. Wabunge wetu, bajeti ijayo iipe kazi hii fungu lake.