Ubishi wa Miksa

Wako watu waaminio kuwa wimbo uliorekodiwa nyumbani hauwi na uhai mpaka upite katika miksa ya vifungo na waya, na kwamba sauti zilizochanganywa ndani ya kompyuta ni maiti iliyopakwa manukato. Imani hii huwatia hasarani vijana wenye fedha kidogo, nayo haifai kuachwa bila ya kujibiwa.

Kazi ya miksa ni nini? Ni kupokea sauti nyingi, kupima nguvu ya kila moja, kurekebisha unene na wembamba wake, kisha kuzijumlisha. Kujumlisha ni hesabu, na kompyuta iliundwa kwa hesabu. Miksa ya bei ndogo huongeza mvumo wake yenyewe juu ya wimbo, programu haiongezi. Tena mwenye programu aweza kufunga kazi leo, akaifungua mwakani, akakuta kila kipimo mahali alipokiacha. Mwenye miksa hana budi kuandika vipimo vyake karatasini, ama avisahau.

Liko baya kuliko hilo. Miksa nyingi za bei nafuu zenye waya wa USB hupeleka kompyutani njia 2 tu. Maikrofoni 8 zikiingia, ngoma, gita na mwimbaji hufika vimekwisha kuunganishwa. Ngoma ikizidi, hapana wa kuipunguza peke yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Watetezi wa miksa hutaja ustadi wa wazee. Naam, mwaka 1967 Beatles walitoa Sgt. Pepper kwa mashine za njia 4; lakini walikuwa katika studio za EMI mjini London, pamoja na mafundi hodari, si chumbani na miksa ya dukani. Albamu ya Billie Eilish iliyotoka mwaka 2019 ilirekodiwa kwa kompyuta katika chumba cha kulala cha kaka yake mjini Los Angeles, na mwaka 2020 ikatwaa Grammy ya albamu bora. Je, nayo ni maiti?

Haki moja miksa isinyimwe. Humrudishia mwimbaji sauti yake papo hapo, hali kompyuta ikusanyayo sampuli 512 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde huchelewa milisekunde 12 hivi katika mkusanyo huo pekee. Kwa kundi lipigalo pamoja, jambo hili lina uzito. Lakini kwa mtu mmoja, visanduku vingi vya kuingizia sauti kompyutani vina njia ya kujisikiliza moja kwa moja, na dawa imekwisha kupatikana.

Basi fedha ya miksa na inunue maikrofoni njema, na mablanketi mazito ya kuua mwangwi wa kuta. Wimbo unaongojeshwa hadi miksa inunuliwe waweza kusahauliwa na mtungaji wake kabla fedha haijatimia.