Mitihani ya Maisha na Kazi Iliyo Mkononi

Mtu akifikwa na msiba, swali la kwanza litokalo kinywani mwake ni nani aliyeuleta na kwa kosa gani. Na jirani zake, kwa kuwa kimya kinawatia haya, humjibu upesi kuliko walivyofikiri. Mmoja humwambia kuwa ni mtihani wa Mungu, mwingine humnasihi astahimili kwa kuwa subira huvuta heri, na wa tatu, ambaye huenda ndiye mwenye elimu kuliko wenziwe, humkumbusha habari za Ayubu, lakini aghalabu husahau kuwa katika habari zile zile rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu walikemewa na Mungu mwenyewe kwa maneno yao, ingawa maneno hayo yalikuwa na sura ya dini tangu mwanzo hata mwisho. Siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila ya kusema neno, walikuwa wafariji wema; walipofumbua vinywa ndipo walipoharibu.

Mitume walifundisha kuwa dhiki ina mazao yake katika moyo wa mwaminifu, na mafundisho hayo nayaamini. Ninalolikataa ni wazo lililoota pembeni mwake, kwamba dhiki, kwa nguvu zake yenyewe na bila ya mtu kutenda lolote, humtengeneza mja ikamfanya bora. Kama ingalikuwa hivyo, basi kila gereza lingalikuwa chuo cha watakatifu, na kila nyumba iliyopata kulala na njaa ingalitoa watu wapole na wakarimu. Kumbe sote tumewaona watu ambao shida iliwafundisha choyo, na wengine ambao kilio cha mara moja kiliwafunga mioyo hata wasifurahi tena kwa harusi ya mtu wala kuhuzunika kwa maziko ya mtu. Mvua ile ile ioteshayo mpunga wa mmoja huuangusha ukuta wa udongo wa jirani yake. Lazima basi pawe na kitu kingine kinachoamua, na katika kuwatazama Wakristo waliojaribiwa katika pwani hii yetu nimejiridhisha kuwa kitu hicho ni kazi ya upendo ambayo mtu alikuwa nayo mkononi siku jaribu lilipomkuta, na ambayo hakuiachilia.

Tumtazame Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamisionari wa Kanisa la Uingereza. Alikuwa amekwisha fanya kazi Uhabeshi miaka kadha, mlango wa nchi ile ukafungwa mbele yake, na katika safari za huko yeye na mkewe Rosine wakamzika njiani mtoto wao wa kwanza. Mwaka 1844 wakafika Unguja, ambako Sayyid Said aliwapokea kwa heshima na kumwandikia Krapf barua ya kumjulisha kwa maliwali wake wa pwani, jambo ambalo Wakristo tuna wajibu wa kulikumbuka kila tunapousimulia mwanzo wa Kanisa letu, kwa sababu mlango wa kwanza tulifunguliwa na mtawala Mwislamu. Wakahamia Mombasa. Mwezi wa Juni Krapf alianza kukifasiri Kiswahili kitabu cha Mwanzo. Mwezi wa Julai, yeye mwenyewe akiwa hoi kwa homa, Rosine alijifungua mtoto wa kike, na baada ya siku chache tu mama akafa, kisha mtoto akamfuata. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, na kaburi lipo hata leo.

Hapo tusimame kidogo, maana watu wengi hulipita kaburi hili mbio ili wafike kwenye ushindi. Krapf aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kuwa kaburi hilo liwe kwao ishara ya vita vilivyoanza upande huu wa dunia, na maneno yake yamerudiwa katika mimbari nyingi kwa sauti kubwa. Lakini mtu hawezi kuishi kwa maneno makubwa asubuhi ya siku ya pili, wakati nyumba i kimya na nguo za mtoto zingali zimekunjwa. Kilichomvusha, kwa kadiri tuwezavyo kukiona katika matendo yake, kilikuwa kidogo na kikavu kuliko hotuba: aliirudia meza ile ile, karatasi zile zile, na sura ya kitabu pale alipokuwa ameishia. Akauliza maneno kwa watu wa mji, akayaandika, akayafuta, akayaandika tena. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilipigwa chapa Tübingen, na kamusi yake ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Wafasiri waliokuja nyuma yake walimkuta amekwisha tangulia kufyeka njia, na Mkristo wa leo asomaye Neno kwa Kiswahili ana deni kwa mjane yule aliyekaa na homa yake juu ya daftari. Sisemi kuwa mke na mtoto walichukuliwa ili kamusi ipatikane. Mungu niepushe na hesabu ya namna hiyo, ambayo humfanya Mwenyezi kuwa mchuuzi anayepima roho za watu kwa mizani. Kamusi ingaliweza kuandikwa na mtu mwenye furaha. Nasema kuwa msiba ulipokuja ulimkuta na kazi iliyokuwa kwa ajili ya wengine, na kazi hiyo ikaupa msiba mahali pa kumiminika usije ukamzamisha.

Huenda msomaji akaniambia kuwa Krapf alipata malipo, walau ya jina, na kwamba mitihani huvumilika ikiwa mwisho wake ni sifa. Basi na amtazame mwenziwe, Johannes Rebmann, aliyefika Mombasa mwaka 1846 na mwaka huo huo akaanza pamoja na Krapf makao ya Rabai, wote wawili wakiumwa homa siku walipopanda kilima. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona theluji juu ya Kilimanjaro, akaandika alivyoona kwa uaminifu. Na wataalamu wa jiografia waliokuwa wakikaa starehe katika vyumba vyao vya Ulaya, wengine hawajapata kuitia mguu Afrika, wakamcheka kwa miaka na miaka, mpaka safari za Baron von der Decken za 1861 na 1862 zilipothibitisha maneno yake. Kuchekwa, lakini, kulikuwa jaribu dogo. Jaribu kubwa lilikuwa ule ukimya wa Rabai. Krapf alilazimika kuondoka mwaka 1853 kwa ugonjwa, mke wa Rebmann akafariki mwaka 1866, na waliobatizwa katika miaka yote ile walikuwa wachache mno, wa kwanza wao akiwa Mringe, kilema maskini aliyebatizwa akiwa karibu na mauti, ambaye mtu wa kuhesabu faida asingalimtia hata katika daftari. Hatimaye macho ya Rebmann yakafa. Alikaa miaka 29 bila ya kurudi kwao hata mara moja, na aliporudi mwaka 1875 aliongozwa na Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa wale wachache waliomwamini. Mwaka uliofuata akafa.

Ukiyapima maisha haya kwa kipimo cha sokoni, utasema yalikuwa hasara tupu. Lakini swali letu ni juu ya maisha yaliyojaa, na maisha yaliyojaa katika maana ya Injili hayapimwi kwa wingi wa alichokusanya mtu. Hupimwa kwa upana wa nafasi iliyo ndani yake kwa ajili ya wengine. Mtu huyu aliyenyimwa karibu kila kitu alikaa miaka akimsikiliza Salimini, mtumwa aliyetolewa nchi za Nyasa, akaandika kutoka kinywani mwake kamusi ya lugha ambayo watu wake Rebmann hakupata kuwaona katika nchi yao. Mtumwa yule, ambaye katika soko la Mombasa alikuwa na bei tu, katika chumba kile cha Rabai alikuwa mwalimu, na mzungu yule alikuwa mwanafunzi wake. Kamusi ilitoka mwaka 1877, wote waliomcheka mwandishi wake wakiwa wamekwisha geukia mabishano mengine.

Sasa nina neno la kuonya, na nalitanguliza kabla ya habari ya tatu kwa sababu bila neno hili habari ile itasomwa vibaya. Katika sala aliyotufundisha Bwana wetu tunaomba tusitiwe katika majaribu, naye mwenyewe katika bustani ya Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Haifai basi Mkristo kuyatafuta mashaka kama mtu atafutaye ajira, wala kuyasifu yanapomshika mwingine. Na lililo baya kuliko yote ni kuliita jaribu la Mungu lile ambalo mkono wa mwanadamu umelifanya na mkono wa mwanadamu waweza kuliondoa. Mtoto afaye kwa maji machafu, na kisima chaweza kuchimbwa. Kibarua aliyenyimwa ujira wake. Mke apigwaye na mumewe kisha akaambiwa kanisani auchukue msalaba wake: hayo siyo mitihani ya kuhubiriwa subira, ni dhuluma na uzembe wa kuondolewa, na mhubiri anayeyafunika kwa maneno matamu atajibu mbele ya Hakimu.

William Jones aliijua tofauti hiyo katika mwili wake. Alikuwa Myao, akatekwa na kuuzwa akingali mtoto, kisha akafikishwa Bara Hindi, ambako watoto waliookolewa utumwani walilelewa katika kituo cha misioni karibu na Nasik. Mwaka 1864 alirudi pwani hii pamoja na wenziwe wachache kumsaidia Rebmann katika Rabai, na mwaka 1885 Askofu James Hannington akampa daraja la ushemasi. Mwaka huo huo waliongozana katika safari ya kwenda Buganda. Askofu akamwacha Jones nyuma na sehemu ya msafara katika nchi ya Kavirondo, akatangulia, na mwezi wa Oktoba akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wengi wa wapagazi wake. Habari zilipomfikia Jones kwa vinywa vya watu wachache waliosalimika, aliyekuwa jana shemasi mgeni akawa leo kiongozi wa msafara uliofiwa, wenye njaa na hofu, mbali mno na bahari. Akawarudisha watu hao mpaka Rabai.

Baada ya hayo ndipo ulipokuja mtihani ambao, kwa maoni yangu, ulikuwa mzito kuliko ule wa safari. Watumwa waliotoroka mashambani walikuwa wakikimbilia Rabai, na wenyewe wakidai warudishiwe kwa nguvu. Wakubwa wa misioni, wakiogopa vita na hasara, walikuwa wamekubali kuwa watoro wasipokewe. Jones akawapokea. Mtu aliyesoma habari za utumwa kitabuni angaliweza kuwaambia watoro wale wavute subira mpaka mambo yatengenezwe. Mtu aliyepata kuuzwa hakuweza. Mambo yalipokuwa yamefika ukingoni, kampuni ya Waingereza iliyopewa madaraka ya pwani iliwalipa wenyewe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikaanza kutolewa pale pale Rabai. Waliowekwa huru katika vituo vya misioni kwa mapatano hayo walizidi elfu moja. Utumwa wa mtoto yule wa Kiyao ulikuwa uovu, na utabaki uovu. Hapana mwisho mwema uwezao kuusafisha. Ila Jones hakukubali uovu ule umfundishe kuona wivu kwa uhuru wa wengine, kama wafanyavyo wengi ambao, kwa kuwa wao walipata taabu, huona ni haki kila mtu apate taabu.

Hapa ndipo napenda kila msomaji ajihukumu. Mwanamke aliyezaa kwa uchungu mwingi na sasa ni mkunga, je, ana upole kwa mzazi alaliaye mkeka mbele yake, au humkaripia kuwa hata yeye alipitia hayo? Karani aliyeanza kazi kwa kudharauliwa, amekuwa mwenye staha kwa matarishi, au amengoja zamu yake ya kudharau? Mzee wa kanisa aliyesoma kwa shida husema nini yatima akimjia kwa ada ya shule? Majibu ya maswali hayo, siyo machozi tuliyoyamwaga, ndiyo yatakayojulisha kama mitihani yetu ilitutayarisha kwa maisha mapana au ilitufinya tukawa wembamba. Wala haifai kungoja mpaka mashaka yaishe ndipo tuanze kufaa watu. Krapf hakungoja homa ishuke, na Rebmann aliendelea kufanya kazi huku nuru ikimtoka machoni.

Basi ndugu Mkristo, ikiwa umepata kufiwa, wewe ndiwe ujuaye lisilojulikana na wengi, kuwa siku ngumu siyo ya maziko, wakati uwanja umejaa watu na vyungu viko jikoni. Siku ngumu ni ile baada ya matanga kuanuliwa, wageni wamekwisha rudi makwao na mwenye nyumba hajui aanzie wapi. Nenda siku hiyo. Usichukue hotuba. Uliza kama pipa lina maji, kama kuna barua ya kumwandikia ndugu aliye mbali, kama watoto wamekwenda shule, kama deni la sanda na jeneza limelipwa. Na ukikuta halijalipwa, mwambie mzee wa kanisa siku ile ile, usingoje Jumapili.