Nimpe Wifi Jina la Hoteli Yangu?

Mwezi huu tunawapeleka Sirari, mji wa wilaya ya Tarime ulio mpakani kabisa. Ukivuka tu, upo Isebania, nchini Kenya. Hapo Sirari tulizungumza na mama mmoja, ambaye hatutamtaja jina, mwenye hoteli ndogo ya chai. Mama huyu huamka saa tisa usiku. Ifikapo saa kumi na mbili asubuhi mabenchi yake yamejaa madereva wa malori, mawakala wa forodha na wachuuzi wa sokoni, wote wakinywa uji wake wa ulezi kwa maandazi. Uji huo ndio uliowalipia ada watoto wake watatu tangu mumewe alipofariki.

Sasa amepata mtihani. Wifi yake, dada wa marehemu, amepata chumba upande wa Isebania na anataka kufungua hoteli yenye jina lile lile na uji ule ule. Mama mwingine wa Tarime mjini ameomba vivyo hivyo, naye yuko tayari kulipa. Mama wa Sirari alituambia hivi: “Dada zangu, nikikataa, wifi atasema nimesahau nilivyopokelewa kwao. Nikikubali na uji ukaharibika, watu watasema ni wangu. Nifanyeje?”

Jambo analoulizwa mama huyu wafanyabiashara huliita fransaizi. Maana yake ni kumruhusu mwenzako atumie jina lako na utaratibu wako wa kazi kwa malipo na kwa masharti. Mtaji ni wake, pango ni lake, hasara ya fedha ni yake. Lakini jina ni lako, na jina likichafuka, uchafu huo hurudi kwako.

Msidhani hayo ni mambo ya makampuni makubwa tu. Mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuifanya biashara ya namna hii alikuwa mwanamke maskini, Martha Matilda Harper, aliyezaliwa Kanada mwaka 1857. Alipelekwa kufanya kazi za ndani akiwa na umri wa miaka 7. Mwaka 1888, kwa akiba ya dola 360, alifungua saluni ya nywele katika mji wa Rochester, Marekani. Kuanzia mwaka 1891 aliwaruhusu wanawake wengine kufungua saluni kwa jina lake, na wa kwanza kuwapa nafasi hiyo walikuwa wafanyakazi maskini kama alivyokuwa yeye. Baadaye saluni hizo zilizidi 500. Lakini angalieni alivyofanya: hakumpa mtu jina mpaka amefundishwa kwanza, kila saluni ilinunua dawa za nywele kutoka kwake, na alikuwa akizikagua. Huruma yake ilikwenda pamoja na utaratibu.

Mfano wa pili umo katika makreti ya soda pale pale Sirari. Coca-Cola inayouzwa kanda ya Ziwa hujazwa na kiwanda cha Nyanza Bottling cha Mwanza, si na wenye jina wa Marekani. Kazi ya kuijaza katika chupa ilianza kutolewa kwa watu wengine mwaka 1899, mwenye kampuni alipowapa mawakili wawili haki hiyo kwa dola 1 tu. Mkataba ule haukuwa na mwisho, na bei ya sharubati waliyouziwa ilikuwa imefungwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipopandisha bei ya sukari, pande zile mbili zikaishia mahakamani. Ikiwa wakubwa waliteleza kwa mkataba usio na mwisho, sisi tutaponaje kwa maneno ya mdomo?

Tulimwuliza mama wa Sirari swali moja: “Ukiugua wiki mbili, uji unabaki ule ule?” Akanyamaza. Kisha akakiri kwamba ulezi huuchagua kwa macho, huuchachusha kwa kukisia na hutia sukari kwa mkono. Basi, wapendwa, hapo ndipo penye jibu. Kama uzuri wa kazi uko mkononi mwako peke yake, huna bado cha kumkodisha mwenzako. Unachoweza kukodisha ni kile kilichoandikwa, kikapimwa, na mwingine akakifanya mteja asijue tofauti.

Tukaketi kupiga hesabu. Tuseme hoteli ya Tarime itauza shilingi 60,000 kwa siku, kwa siku 26 za mwezi. Hiyo ni shilingi 1,560,000. Akitoza sehemu 5 kwa kila 100, atapata shilingi 78,000. Tuseme atakwenda kukagua mara 4 kwa mwezi, na kila safari imgharimu shilingi 10,000, pamoja na nauli na malipo ya msichana wa kumshikia hoteli. Zitabaki shilingi 38,000, na hapo hatujahesabu siku za kufundisha. Zaidi ya hayo, atategemea daftari la mwenzake kujua mauzo, na wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tuseme hatozi ada, bali anachanganya unga mwenyewe na kuuza kwa faida ya shilingi 500 kwa kilo. Hoteli ikitumia kilo 6 kwa siku, atapata shilingi 78,000 zile zile bila kupekua daftari la mtu, na uji utafanana kwa kuwa unga ni mmoja. Ndiyo njia ya yule bibi wa Rochester.

Kuhusu jina, kusajili jina la biashara kwa BRELA ni jambo moja, na kusajili alama ya biashara ni jingine. Alama ndiyo inayokupa haki ya kumzuia mwingine asiitumie. Usajili wake hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Lakini alama iliyosajiliwa Tanzania Bara haikulindi Isebania, kwani Kenya ina ofisi yake. Mama wa mpakani asisahau hilo. Akumbuke pia kwamba mkataba useme malipo ni kwa fedha ipi.

Ushauri wetu kwa mama huyu ni huu. Kwanza, aandike kila kipimo, amwachie msaidizi jiko kwa wiki mbili, na yeye akae benchi kama mteja. Wateja wakilalamika, asimpe mtu jina mwaka huu. Pili, wasipolalamika, aanze na Tarime, ambako ni karibu na sheria ni moja. Mkataba uwe wa mwaka 1, uandikwe na kushuhudiwa, useme bei ya unga itatazamwa lini, na jina litaondolewaje uchafu ukionekana.

Tatu, wifi asipewe jina sasa, lakini asifukuzwe. Amfundishe kazi bure na amwuzie unga, naye aweke jina lake mwenyewe ukutani. Kwa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa, ambacho huwasaidia wachuuzi kuvusha bidhaa za nchi wanachama bila ushuru wa forodha. Aulize forodhani kama unga wake unahusika, na viwango vya chakula vinavyotakiwa ng'ambo.

Na neno hilo asimtume mtu. Amwite wifi na shemeji mkubwa, wakae nyumbani, anywe nao uji, aeleze mwenyewe. Wifi anaweza kununa mwezi mmoja. Lakini undugu ulioanza kwa ukweli hupona upesi kuliko undugu uliovunjika kwa deni na jina baya.

Tulipoaga, mama yule alikuwa ameazima mizani ya duka la jirani, anapima sukari kwa mara ya kwanza. Alicheka, akasema kumbe alikuwa akiweka nyingi Jumamosi kuliko Jumatatu. Nawe msomaji, kabla hujamjibu anayekuomba jina lako, pima kwanza sukari yako.

Tuonane mwezi ujao.