Nguvu Zichelewazo: Magari ya Tabo katika Milima ya Kisii

Wahenga walituusia kwamba haraka haraka haina baraka. Usia huo niliukumbuka nilipokuwa safarini kutoka Kisii kwenda Nyamira, nimeketi kando ya mtoto wa ndugu yangu katika Subaru yake, aliyoitia huko kwetu Mombasa tabo kubwa kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na barabara ilipinda baina ya migomba na mashamba ya chai. Mbele yetu palikuwa na lori. Kijana akakanyaga mafuta ili alipite, gari likasita. Akakanyaga tena hadi chini. Mara nguvu zikaja zote kwa pamoja, nasi tumeshafika penye kona, na magurudumu yakateleza. Mwenyezi Mungu alitusitiri.

"Ami, Mombasa halifanyi hivi," akaniambia.

Alisema kweli, na neno lake hilo ndilo nitakalo wasomaji tulipime.

Tabo si chombo kipya. Mswisi Alfred Büchi alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905. Moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapezi kama ya pangaboi, na gurudumu la pili, lililo katika mhimili huo huo, hushindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo huzidishwa, na nguvu huongezeka. Lakini moshi ukiwa haba tabo hulala, na dereva hana budi kungoja iamke. Tabo kubwa ni mfano wa jiwe kubwa la kusagia: huwa zito kuanza, na likishashika mwendo halizuiliki upesi.

Sasa tazama hali ya mahali. Mombasa iko ufukweni, na hewa yake ni nzito. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa huko ni takriban asilimia 82 ya ile ya pwani. Injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu karibu kwa kadiri hiyo. Yenye tabo hufidiwa, lakini baada ya tabo kuamka tu. Kabla ya hapo huvuta hewa ile ile nyepesi, moshi wake huwa mchache, na usingizi wa tabo hurefuka. Tena, ili kufikia kipimo kile kile cha Mombasa, tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kupata joto zaidi. Kwa hiyo gari lililorekebishwa pwani likapandishwa milimani huwa ni kama gari jingine, na dereva wake huwa mgeni ndani ya gari lake mwenyewe.

Mapenzi ya vijana wetu kwa magari haya yana asili yake. Toyota Celica yenye tabo ilishinda Safari Rally mara tatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Kisha Subaru Impreza ikashinda mikononi mwa Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Lakini madereva wale waliijua tabo yao huamka lini, na breki zao zililingana na injini. Vijana wengi leo huiga nguvu na mlio, wakaziacha breki na mipira kama zilivyokuwa. Wengine huliwekea gari mpango wa kompyuta ili petroli iungulie katika bomba la moshi na kulia kama bunduki. Mlio ule hauongezi nguvu hata chembe. Humwamsha mgonjwa na kuwashtua wanaosali. Mtume (S.A.W.) alituagiza tuipe njia haki yake, na kuwaondolea watu udhia ni katika haki hiyo.

Tuliporudi Kisii tulimwendea fundi mmoja. Alilizunguka gari, akatabasamu.

"Mzee," akaniambia, "huku gari linapanda na kushuka kutwa. Linataka nguvu za chini, si za juu. Tabo ndogo ingemtosha huyu. Na breki zitangulie."

Nilimwona ana hekima. Milima ile ina kona nyingi, masoko kando ya barabara, na watoto watokao shule kwa miguu. Sheria inaweka kilomita 50 kwa saa mijini, wala haiulizi gari lina nguvu za farasi wangapi.

Basi ndugu zangu wa pwani, mwana akija kuomba fedha za tabo, tusimkemee bure, kwani ufundi ni elimu na elimu haina aibu. Lakini tumfundishe kumwuliza fundi swali lililo sawa. Asiulize tu, "Nitapata nguvu kiasi gani?" Aulize pia, "Nikiziita, zitaniitikia lini, na nikitaka kusimama, nitasimama wapi?" Nguvu zikija wakati umekwisha kuzihitaji, si neema tena. Na gari ni amana: roho zilizomo ndani yake, na zile zipitazo kando ya njia.