Ukuta wa Hadrian ni wetu pia

Video za Ukuta wa Hadrian zote zinafanana. Droni, mawe, kondoo, kisha pale mti wa Sycamore Gap ulikuwa kabla ukatwe 2023. Basi, imeisha. Wasee, hapo mnamaliza bando bure.

Kama huujui, ni ukuta Warumi walianza kujenga mwaka 122 kaskazini ya Uingereza, karibu kilomita 117, kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Story tamu ziko kwenye zile ncha mbili watu wengi hawafiki.

Anza na magharibi, kijiji kinaitwa Burgh by Sands. Palikuwa na ngome hapo, Aballava. Mwaka 1934 jiwe la madhabahu lilipatikana Beaumont, kijiji jirani, na limetaja kikosi cha Wamauri. Hao ni watu wa Afrika Kaskazini, Moroko na Algeria ya leo. Jiwe ni la kati ya mwaka 253 na 258. Manze, Waafrika walikuwa wanalinda mpaka kwa hiyo baridi miaka zaidi ya 1,700 iliyopita, halafu mtu anakuja kwenye maoni kukuambia Waafrika walianza kufika Uingereza juzi na meli! Sitaongeza chumvi: Mmauri hakuwa lazima afanane na mimi na wewe. Lakini kwao ni bara hili.

Ila mwenye ananimaliza kabisa ni Victor.

Jiwe lake la kaburi liko South Shields, upande wa mashariki, kwenye makumbusho ya ngome ya Arbeia. Linasema ni Mmauri, miaka 20, mtumwa aliyeachwa huru na Numerianus, askari wa farasi. Eti huyo Numerianus alimsindikiza kaburini kwa upendo mwingi. Wamemchonga amejilaza kwenye kochi kama tajiri. Mama yake hajatajwa. Baba pia. Miaka 20, bana! Umri wa msee wa mwaka wa pili chuo, na ameshakuwa mtumwa, akawa huru, akazikwa mbali na kwao.

Hadrian ako na sanamu na vitabu vya kutosha. Mimi nataka video za Victor. Ukibahatika kwenda kusoma huko, metro ya kutoka Newcastle inafika hadi South Shields.