Campo ya jina si lazima ikufae: cheki hizi vitu kabla wazazi wakuchagulie

Matokeo ya KCSE yakitoka, hata hujamaliza kusoma ile meseji, anko na majirani washaamua pahali utasomea. "UoN ama tusiongee." Ukitaja chuo kisichojulikana mtaani, ni kama umeaibisha familia nzima.

Na ushindani si mdogo. KCSE ya 2024 pekee, wasee 246,391 walipata C+ kupanda juu, ile gredi ya kuingia digrii. Wengi wao wanang'ang'ania campo zilezile: UoN, KU, JKUAT. Ni campo poa na zimetoa watu wa maana. Ngori huanza ukichagua jina kwanza, halafu kozi na doh zifikiriwe baadaye.

Unaenda kusomea nini hapo?

KUCCPS hukupeleka kwa kozi fulani ndani ya chuo fulani. Chuo kikishuka, ni sawa. Kozi ikibadilika, maisha yako yamebadilika.

Tuseme uko na B- na roho yako iko kwa uuguzi. Ukilazimisha campo kubwa pekee, pointi za klasta zinaweza kukosa kufika. Basi unajaziwa kozi hujawahi kuiwaza, bora mathe aseme kanisani "wangu ako Nairobi". Miaka minne unasoma kitu hakikubambi.

Na hakuna haja. Mfumo unakubali uweke kozi moja kwa vyuo tofauti, na pointi za mwisho zilizoingiza wasee miaka iliyopita ziko kwa tovuti ya KUCCPS. Kama kozi yako iko Maseno ama Masinde Muliro na unafika, weka hapo pia. Hata ukishapangiwa, huwa wanafungua dirisha la kuomba kuhama.

Nani analipa mwaka wa tatu?

Hapa ndio wengi huchomeka. Tangu 2023 tuko na mfumo mpya wa kufadhili vyuo vya umma, ule umepingwa mpaka kortini. Bendi zilivyopangwa 2024, familia ya bendi ya 1 inalipa asilimia 5 ya ada. Bendi ya 5 inalipa asilimia 40, ufadhili wa serikali ni 30 na mkopo 30.

Piga hesabu. Kozi ya 300,000 kwa mwaka, ukiwa bendi ya 5, mzazi anatoa 120,000. Wewe unaingia deni la 90,000, na kwa miaka minne hiyo ni 360,000. Pesa ya matumizi kutoka HELB kwa bendi hiyo ni 40,000 kwa mwaka. Igawe kwa miezi 12, unapata kama 3,300. Sasa hiyo ilipe keja ya Juja ama Wendani, ununue chakula, na ubaki na ya bando?

Vyuo vya kibinafsi kama Strathmore na USIU, kwa mfumo huu hakuna ufadhili wa serikali. Unaweza omba mkopo tu. Kwa hivyo mzee akisema atauza ploti, muulize kwa heshima: ploti inalipa mwaka mmoja ama yote? Mimi pia sikumaliza campo, na wasee wengi nimeona wakitoka, akili walikuwa nayo. Doh ndio iliisha.

Kozi imekubalika?

Kazi zingine digrii pekee haitoshi. Uhandisi uko chini ya Engineers Board of Kenya, sheria iko chini ya Council of Legal Education, na uuguzi una Nursing Council of Kenya. Chuo kinaweza kuwa na jina kubwa na ile kozi moja unayotaka bado haijaidhinishwa. Ukimaliza, cheti chako kinagonga ukuta wa leseni. Uliza kabla ujaze fomu.

Na wewe ni msee wa aina gani?

Kuna mtu anaweza kaa darasa la mamia ya watu, lekchara hamjui hata jina, na bado apite. Mwingine anahitaji kufuatwa, ama akifika Nairobi bila mtu wa kumcheki anapotea kwa mtaa. Hiyo si aibu, ni kujijua tu.

Usidhani pia jina litakukinga. Malekchara wa vyuo vya umma waligoma siku 49 kati ya Septemba na Novemba 2025. Campo kubwa na ndogo zote ziliguswa.

Kwa hivyo usibishane na wazazi kwa mdomo. Chukua karatasi, andika kozi, pointi, ada ya miaka yote, rent, na kama bodi imeidhinisha. Weka campo ya ndoto yao kando ya ile inakufaa, halafu mkae chini. Weka hata KMTC ama poli kwa hiyo karatasi kama ndio inakupeleka kwa kazi unayotaka. Na kama wewe ndio bro ama sista mkubwa unalipia mdogo wako, hiyo karatasi ni yako pia.

Kwenu nani huamua mambo ya campo, ni wewe ama ni anko?