Dada, tafuta mtu atakayetaja jina lako usipokuwepo

Kila ifikapo Machi 8, kumbi za hoteli hujaa wasichana waliovalia tisheti za rangi moja. Mwanamke mashuhuri huinuka, husimulia alivyosoma kwa koroboi, hupigiwa makofi, kisha picha, soda na kila mtu kwao. Waandalizi huita huo ulezi. Mimi naita hotuba.

Hotuba haina ubaya. Ila Jumatatu ukirudi kusaka kazi, hotuba haitakusomea wasifukazi wako wala kukuonya kwamba ukiulizwa unataka mshahara kiasi gani, "wowote tu" si jibu.

Tazama yaliyompata Wangari Maathai. Mwaka 1966 alirejea kutoka Marekani na shahada ya uzamili ya biolojia, akijua kazi ya usaidizi wa utafiti inamsubiri chuoni Nairobi. Alipofika akaambiwa amepewa mtu mwingine. Hebu fikiria: digrii mbili, barua mkononi, na huna kazi. Aliyemwokoa ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo papo hapo chuoni. Alimwajiri, akamfundisha kazi ya maabara, kisha akamhimiza aende Ujerumani kuendeleza utafiti. Mwaka 1971 Wangari akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. Tuzo ya Nobel ilikuja 2004. Akili na bidii zilikuwa zake mwenyewe, hakuna ubishi. Lakini kuna mlango aliousukuma mtu mwingine.

Utasema huo ni upendeleo. Je, wavulana hupataje kazi? Wengi husikia habari zake wakitazama mpira, au kwenye nyama choma na mjomba anayemjua bosi fulani. Saa hizo wewe uko jikoni unaosha sufuria, au umeambiwa uwe nyumbani kabla ya giza. Usipokuwa na shangazi afisini, konekisheni yako itatoka wapi?

Kwa hivyo usingoje kuchaguliwa. Mtafute mtu aliyekutangulia hatua mbili tatu, si lazima awe mkurugenzi. Mabinti walioanzisha AkiraChix jijini Nairobi mwaka 2010 walikuwa vijana wenyewe, na wakaanza kuwafundisha wenzao kuandika programu za kompyuta. Ukimwandikia mtu huyo, usimwambie "naomba uwe mlezi wangu." Ataogopa, atadhani anatakiwa kukulipia karo. Muombe kitu kimoja: "Nina mahojiano Alhamisi, naomba dakika ishirini unisikilize nikijibu maswali." Akikusaidia, rudi umwambie ilikwendaje. Wengi wetu hupotea tukishapata tulichotaka, kisha tunashangaa mbona simu ya pili haishikwi.

Na tuambiane ukweli. Kuna wanaume wanaojiita walezi ilhali wanachotafuta unakijua. Mlezi hakuiti hotelini saa tatu usiku kujadili wasifukazi. Hakukatazi kumweleza mamako mnapokutana. Akianza hivyo, huyo ni sponsa, ondoka hata kama ameshika barua ya kazi. Ndiyo maana nawapendelea walezi wanawake kwa kuanzia, kama somo wa Pwani aliyekabidhiwa mwari amfunze mambo ambayo mama huona haya kuyasema. Siku hizi jambo la aibu ni pesa. Hakuna anayetuambia wenzetu wanalipwa ngapi kwa kazi ileile.

Nawe uliye kazini mwaka wa pili, usiseme bado wewe ni mdogo. Kuna binti wa mwaka wa tatu chuoni anayezunguka mji mzima akitafuta pa kufanyia mafunzo ya kazini. Unajua afisi yenu huwachukua wanafunzi mwezi gani, na barua hupelekwa kwa nani. Mtumie hiyo nambari leo.